Jumatatu ya Rejesho na Mgongo wa Meru

Kina mama wa kikoba chetu ndio walionisukuma niandike. Wanasema ushuhuda wa kanisani wa dakika tatu hautoshi, na kwamba kuna watu katika Arusha hii wanaolala na simu zimezimwa kwa kumwogopa afisa mikopo. Basi nasema. Nitaanza na deni, kisha nitapanda mlima, na msomaji anivumilie, kwa sababu kwangu mambo hayo mawili yameshonwa pamoja na sijui pa kukatia.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko kwenye vichochoro vya nyuma ya soko la Kilombero, na kazi inayoniweka mjini ni zipu. Magauni ya sendoff wapo wanaoshona vizuri kuliko mimi. Wateja wangu ni watu wa milima, wananiletea mahema, mabegi ya wagumu, yaani wapagazi, makoti ya baridi, mifuko ya kulalia. Arusha na Moshi zinakula kwa milima, na milima nayo inakula zipu. Vumbi la majivu linaingia kwenye meno, linasaga kichwa cha zipu polepole mpaka kinalegea, na usiku mmoja hema linagoma kufunga huku mvua inanyesha na mzungu analia. Mara nyingi meno ni mazima kabisa. Unachukua koleo, unabana kichwa upande huu na upande ule, kidogo kidogo, maana ukizidisha kinapasuka, halafu unapitisha kipande cha mshumaa juu ya meno. Fundi mwenye tamaa ataing'oa zipu nzima akuuzie mpya. Siri hiyo naitoa bure.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 nilikuwa na cherehani mbili na binti wa kunisaidia. Kampuni nilizokuwa nazishonea zilikuwa na desturi moja, na nyingine bado zinayo: zinachukua mahema leo, zinalipa msimu ukiisha. Corona ilipoingia, msimu haukuisha, ulikatika. Ndege za kimataifa zilisimamishwa Aprili, zikaruhusiwa tena tarehe 18 Mei, lakini kuruhusu ndege ni jambo moja na mgeni kupanda ndege ni jingine. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni moja na nusu. Mwaka 2020 walishuka hadi kama 620,000, na baadhi ya hao walikuwa wameshakuja na kuondoka kabla mambo hayajaharibika. Magari ya utalii yalifunikwa maturubai yakaota majani kwenye matairi. Dereva niliyezoea kumwona na miwani ya jua na redio ya upepo, nilimkuta Tengeru siku ya soko anauza trei za mayai. Wagumu walirudi kwao kulima. Mimi nilibaki na daftari la madai yangu ambalo hakuna aliyepokea simu yake.

Mume wangu ni mwanaapolo, yuko Mirerani. Kazi ya machimbo haina mshahara. Jiwe likitoka mnakula nyama, lisipotoka mnaongea na simu. Kodi ya nyumba ilikuwa inakuja, na watoto walikuwa wanarudi shule. Nikaenda kukopa.

Mkopo wa kwanza ulikuwa wa laki tano, lakini laki tano sikuzishika. Walikata elfu hamsini ya fomu na ya bima ambayo sikuwahi kuiona karatasi yake, nikatoka na laki nne na nusu, kwa masharti ya kurudisha elfu sitini na tano kila Jumatatu kwa majuma kumi. Piga hesabu mwenyewe: laki sita na nusu. Benki Kuu inawataka wakopeshaji wa daraja hilo wasizidi riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kipimo hicho, laki tano kwa miezi miwili na nusu ingezaa riba ya elfu arobaini na kitu. Mimi, ukijumlisha na walichokata mlangoni, nilitoa laki mbili. Ila mwenye njaa hapigi hesabu ya riba. Anapiga hesabu ya rejesho: elfu sitini na tano, nitaipata tu. Na Jumatatu ikifika hujaipata, kuna ofisi nyingine ng'ambo ya barabara, wanatoa siku hiyo hiyo, wanachotaka ni kitambulisho cha taifa, picha ndogo mbili na orodha ya vitu vya ndani. Unachukua huku unaziba kule. Halafu unatafuta pa tatu pa kuzibia kule kwa pili. Watu wameiita mikopo hii kausha damu, na sijasikia jina linaloifaa zaidi.

Jambo ambalo watu hawalijui mpaka liwapate ni jinsi deni linavyokugeuza mnyamavu. Nilikuwa mwongeaji, mtu wa vicheko dukani. Nikawa na rejesho la Jumatatu, la Jumatano na la Ijumaa, na kila moja nalificha lisijue la mwenzake. Mume akipiga, nasema tunaendelea vizuri. Mama yangu aliyeko Nkoaranga akituma ndizi, nashukuru kwa ujumbe mfupi, siendi, kwa sababu nikienda ataniangalia usoni. Nilihama ibada ya kwanza nikawa nasali ya pili, maana mmoja wa maafisa mikopo aliimba kwenye kwaya ya asubuhi. Kikoba nilikuwa mwanachama muda wote, na kila kikao nilinunua hisa, nikakaa, nikacheka na wenzangu, nikaondoka. Fedha ya hisa yenyewe ilikuwa ya mkopo.

Watu wa ofisi moja ya mikopo walikuja alfajiri, wanne na kirikuu. Kijana aliyekuwa na orodha aliisoma kwa sauti kama mwalimu anavyoita majina: sofa, lipo, televisheni, ipo, jiko la gesi na mtungi wake, lipo, godoro, lipo. Majirani walisimama vibarazani na miswaki midomoni. Cherehani moja ilibebwa na meza yake, kitambaa cha mtu kikiwa bado chini ya sindano, na yule kijana, nimpe haki yake, aliuchomoa uzi taratibu akanikabidhi kile kitambaa. Cherehani ya pili ilinusurika kwa sababu ilikuwa kwa fundi inabadilishwa mkanda. Ofisi ile siitaji. Aliyesaini fomu ni mimi.

Mwenyekiti wa kikoba chetu ni bibi wa makamo, muuza maziwa mgando. Alisikia kabla ya saa nne. Akaja na daftari, akaketi kwenye ndoo niliyoigeuza, kwa kuwa viti vilikuwa vimekwenda, wala hakuniuliza ilikuwaje. Alisema, "Mama, taja. Nani anakudai, kiasi gani, siku gani." Nikataja wa kwanza. Akaandika. Akangoja. Nikataja wa pili. Ilichukua muda mrefu kufika wa mwisho, na nilipofika nilitapika kabisa, siyo kwa mfano.

Kilichofuata hakikuwa muujiza. Kikoba kilinipa mkopo wa riba ndogo wa kulipa wale wakali kwanza. Mwenyekiti na mama mwingine wakafuatana nami ofisi kwa ofisi, wamevaa vitenge vyao vya sare. Kila ofisi mwenyekiti aliuliza swali moja la adabu: "Samahani, mwanangu, leseni yenu ya Benki Kuu iko wapi tuisome?" Ofisi moja iliitoa ukutani, tukaheshimiana, tukapanga malipo. Nyingine haikuwa na cha kuonyesha, na sauti ya meneja ilishuka ghafla. Tukamalizana kwa deni la msingi. Jioni mwenyekiti alinipa simu yangu akasema, "Sasa mpigie baba watoto." Nilimpigia akiwa shimoni Mirerani, nikasubiri apande juu ndipo tuongee. Alikaa kimya, kisha akasema, "Ungesema." Ndiyo maneno yake yote.

Kutoka hapo ilikuwa miaka ya kushona. Mwaka 2022 wageni walirudi kwa wingi, ile filamu ya utalii, Royal Tour, ikazinduliwa hapa hapa ukumbi wa AICC mwezi Aprili, na mwaka 2023 nchi ikapita watalii milioni 1.8. Mahema yaliyolala stoo miaka miwili yaliletwa kwangu yameota ukungu, zipu zimeshikana kama zimechomelewa. Nilibana vichwa mpaka kidole gumba kikaota sugu ambayo bado ninayo. Nikalipa. Nikalipa. Jina la mwisho kwenye daftari la mwenyekiti lilipokatwa kwa mstari, kikao kilipiga vigelegele, na mimi nikagundua kwamba kitu pekee ninachotaka ni siku moja peke yangu mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kunifikia.

Nilikuwa naitazama Meru tangu utotoni. Nyumba ya mama iko kwenye miguu yake, na kutoka Kijenge ninakokaa, asubuhi za Juni baada ya mvua kukatika, inasimama pale juu ya mabati utadhani imekuja kudai. Wageni kutoka Norway na Korea wameipanda wakiwa wamevaa makoti niliyoyashona mimi. Mimi sikuwahi kufika hata lango la Momella. Mwenye kampuni ndogo moja, ambaye bei ya kazi zangu ilikuwa imemlimbikia, aliniuliza nataka nini kama fidia ya kusubiri. Nikamwambia nipe vifaa na wagumu wawili, kiingilio nitajilipia. Raia tunalipa kwa shilingi, na ni kidogo sana ukilinganisha na dola anazolipa mgeni. Hili watu wa mjini wengi hawalijui, wanadhani mlima ni wa wenye pasipoti.

Langoni Momella, kwenye mita kama 1,500, ndiko nilikoambiwa kwamba peke yako haipo. Hifadhi ya Taifa Arusha ina nyati, tembo na twiga wanaotembea kwenye njia ile ile ya watu, na hakuna anayepanda Meru bila askari mwenye bunduki. Nilimwomba afande, mtu mzima mwenye mvi kidogo, kama naweza kutangulia tu mwenyewe, nisikilize mawazo yangu. Akasema, "Mama, nyati hana habari na mawazo yako." Siku hiyo hapakuwa na mgeni mwingine. Tukaondoka, yeye mbele na bunduki, mimi nyuma, wagumu wawili wakitupita mbio kama ilivyo kawaida yao.

Sehemu ya msitu nitaipita haraka, si kwa sababu haipendezi. Kuna mtini uliokua ukiukumbatia mti mwingine mpaka ukafanya lango la kupita gari. Kuna mbega wenye mikia myeupe. Kuna kibanda cha Miriakamba kwenye mita 2,514, halafu kesho yake ngazi za magogo zisizoisha, na mahali pa kupumzika panaitwa Mgongo wa Tembo, ambapo nilivua viatu nikaapa sivai tena. Jioni tukafika kibanda cha Saddle, mita 3,570. Baridi ya pale inaingia kwenye meno. Nikakagua zipu za hema za kundi lililotangulia kuondoka zilizoachwa stoo, mkono haukunisikia. Zipu mbili nilizijua ni zangu.

Sasa mgongo wenyewe. Meru si kama Kilimanjaro. Zamani ilikuwa mlima mzima wa duara, kisha maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki ukaporomoka wote, ukamwagika mpaka kule chini yaliko maziwa ya Momella. Kilichobaki ni ukuta wenye umbo la kwato ya farasi, na njia ya kileleni inapita juu ya ukuta huo. Kushoto kwako, ukiwa unapanda, ni shimo: genge la zaidi ya mita elfu moja kwenda chini, na katikati yake imesimama koni ya majivu, kilima cha volkano ambacho mlipuko wake wa mwisho unaokumbukwa ulikuwa mwaka 1910. Kulia ni mteremko wa mawe na changarawe. Usiku huvioni hivi. Unaona duara la taa yako na visigino vya afande.

Tuliondoka saa nane usiku baada ya uji na biskuti. Kabla hatujatoka alinipa masharti. Nisimkaribie sana wala nisiachwe. Nikitaka maji niseme. La mwisho alilirudia mara mbili: "Mama, usininyamazie. Ugonjwa wa mlima unaanza hivyo. Mtu anaumwa kichwa, anasema nisimsumbue askari, ananyamaza. Unageuka nyuma, unakuta ameketi, hajui jina lake. Ukinyamaza, mimi nasimama." Nilicheka peke yangu gizani. Katika fani ya kunyamaza mimi nilikuwa bingwa wa mkoa.

Mpaka kilele kidogo cha Rhino Point nilikuwa mzima. Wanasema mifupa ya kifaru ilionekana pale, na sijui kifaru alikwenda kutafuta nini juu hivyo. Baada ya hapo njia inateremka, jambo la kukatisha tamaa kwa mtu aliyepanda kwa jasho, na inakatiza kwenye miamba iliyolala kama paa la nyumba. Pale unatumia mikono. Upepo ulitoka upande wa shimo, ukija kwa vishindo, ukinyamaza, ukija tena. Afande alinionyesha pa kukanyaga kwa taa, jiwe kwa jiwe. Kidole changu cha sugu kikawa na faida: kilishika pale ambapo vingine vilikufa ganzi.

Kichwa kilianza tukiwa tunaukaribia urefu wa mita 4,000. Kilianza nyuma ya macho, kikashuka shingoni. Nikapiga hatua kadhaa bila kusema. Niliijua ile hali: sauti ile ile ya ndani iliyokuwa ikiniambia vumilia, usimwambie mtu, Jumatatu utapata. Afande akasimama. Hakugeuka hata, alisimama tu.

"Mama."

"Nipo."

"Kichwa?"

"Kichwa, afande. Na tumbo."

Tuliketi nyuma ya jiwe. Akaniuliza mwanangu wa kwanza anaitwa nani, nikamwambia. Akaniuliza tumelala wapi, nikamwambia. Akaniuliza leo siku gani. Nikafikiri kidogo, nikajibu Jumatatu, na hapo hapo nikaanza kucheka, nikacheka mpaka nikatapika uji wote. Alidhani nimepotewa na akili. Ikabidi nimweleze, kwenye upepo ule, habari za marejesho, za kirikuu, za godoro. Nilimweleza mtu nisiyemjua, katika giza, mambo yote ambayo yalinigharimu miaka kuyasema. Alisikiliza, kisha akasema na yeye ana shemeji yake Usa River yuko humo humo. Akanipa maji, akapima mwendo wangu kwa hatua chache, akaniuliza tena leo siku gani. Nikamjibu vizuri. "Basi twende polepole. Ikizidi tunashuka, wala hatujadiliani. Dawa ya mlima ni kushuka."

Tulifika Cobra Point, mita 4,350, kunakucha. Ndipo koti la afande lilipokataa. Kichwa cha zipu kilikuwa kimelegea siku nyingi, na sasa kiliteleza chini meno yakiachana nyuma yake, kifua kikabaki wazi kwenye upepo wa barafu. Alianza kulivuta kwa nguvu, na mtu akivuta zipu kwa nguvu mimi huumwa. Nikamwambia, "Simama hivyo hivyo, afande." Nina koleo dogo linalokaa kwenye mfuko wangu siku zote, hata kanisani. Nikavua glavu. Nikarudisha kichwa mpaka mwanzo wa meno, nikabana kushoto, nikabana kulia, kidogo, nikapulizia vidole, nikabana tena. Mshumaa sikuwa nao, nikapaka mafuta ya midomo. Likafunga mpaka shingoni. Vidole viliniuma kwa saa nzima baadaye, na sijawahi kufurahia kazi kama ile. Mtu aliyekuwa ananilinda tangu juzi alikuwa amesimama mikono juu akingoja fundi amalize.

Jua lilitokea nyuma ya Kilimanjaro. Iko kama kilomita 70 mashariki, na kutoka pale inaonekana imekaa juu ya mawingu yenyewe, haina miguu. Chini, mawingu yalipopasuka upande wa kaskazini-mashariki, afande alinionyesha tambarare ya Ngarenanyuki. Hapo nilisimama muda. Mwishoni mwa mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka ardhi ile ili wapewe walowezi, watu wapatao elfu tatu, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakafa njiani. Wazee hawakukaa nalo moyoni. Walichangishana, mwenye mbuzi mbuzi, mwenye kahawa kahawa, wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York mwaka 1952 akasimama Umoja wa Mataifa na kulisema. Kesi ile hawakuishinda siku ile. Ila dunia ililijua jina la Meru, na TANU ilipoanza mwaka 1954 huku kwetu haikuwa na kazi ya kuwaamsha watu. Hadithi hii nilisimuliwa na bibi tangu mdogo. Nilikuwa sijawahi kuitazama ardhi yenyewe kutoka juu, ilivyo pana.

Kutoka Cobra Point mpaka kileleni ni mawe, na ni uongo: kila unachodhani ndicho kilele kina kingine nyuma yake. Nitasema tu kwamba nilifika. Kuna kibao na bendera ya taifa, mita 4,562 kwa vipimo vipya, 4,566 kwa vile vya zamani vilivyoko kwenye vitabu vya shule. Kilele kinaitwa cha Ujamaa, jina linalokumbusha Azimio la Arusha, lililopitishwa hapa mjini mwaka 1967. Arusha ilionekana chini upande wa kusini, vumbi na mabati, ndogo kuliko nilivyotarajia. Nilijaribu kuitafuta Kilombero nikashindwa. Tulikunywa chai ya tangawizi iliyobaki kwenye chupa, yeye kifuniko, mimi chupa, na afande akasema tushuke kabla ukungu haujapanda. Ukungu wa Meru hauchelewi.

Kushuka hakuna anayekusifu nako, ingawa ndiko kulikoniumiza. Mchana ukaniletea kile ambacho usiku ulinificha: njia tuliyopita ni nyembamba, na shimo lililokuwa kushoto lipo pale pale, sasa likiwa kulia. Miamba ya karibu na Rhino Point niliishuka nimekaa, suruali ikachanika. Mpaka Miriakamba jioni magoti yalikuwa hayakunji. Mmoja wa wagumu alinibebea begi langu dogo bila kuombwa, akaniambia kwa aibu kwamba begi lake kubwa nililishona mwaka jana na bado linadaiwa elfu nane. Nikamsamehe papo hapo, nikajuta nilipofika mjini.

Afande yuko bado Momella. Shemeji yake wa Usa River aliletwa kwetu, na mwenyekiti alimketisha kwenye ndoo ile ile, nadhani kwa makusudi, kwa sababu viti sasa vipo.

Wewe unayesoma ukiwa na marejesho usiyoweza kuyataja: chukua karatasi leo uandike majina yote, mpe mtu mmoja aisome. Ukiingia ofisi ya mkopo, omba kuona leseni kabla ya kutoa kitambulisho. Uliza halmashauri yako habari za ile mikopo ya asilimia 10 isiyo na riba, ambapo nne ni za vikundi vya wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu. Foleni ni ndefu, ila foleni haibebi godoro. Ukitaka kupanda Meru, nenda kati ya Juni na Oktoba, au Desemba ikiisha mpaka Februari, na askari akikuuliza kichwa, mjibu ukweli.

Na ninyi wenye kampuni mnaotuletea mahema mkasema mtalipa msimu ukiisha: lipeni siku mnayochukua hema. Fundi naye ana rejesho.